Siku Mia na Ishirini

Bi Mwajabu Singano, muuza vitumbua wa Barabara ya Kumi na Tano,
amefika Bombo mapema, mtandio umepigwa pasi,
amejinyima tangu juzi kama mwenye deni la Ramadhani.
Jana nimekula mchicha mtupu, asema.
Juzi pia. Na maji.
Ananinyooshea kidole kama anayeonyesha kitambulisho.

Tone moja. Kimashine kinafikiri, kinatoa jibu:
tano nukta sita.
"Umeona?"
Anacheka hadi magego.

Nimeona, bibi yangu.
Lakini hiyo ni sukari ya mji wetu huu,
waja leo, waondoka leo.
Mimi naitafuta ile iliyokuja ikapanga chumba.

Namfunga mpira juu ya kiwiko.
Mshipa unateleza, unajificha, mwisho unakubali,
na kichupa cha kifuniko cha zambarau kinajaa polepole.
Anauliza cha nini. Nawapenda wanaouliza.

Chembe nyekundu, namwambia, huzaliwa ndani ya mfupa,
huishi siku mia na ishirini, kupungua au kuzidi kidogo.
Siku zote hizo zinaogelea katika ulichokula,
na sukari ikipita huzigusa,
nyingine ikanata, kama shira kwenye kaimati,
haibanduki mpaka chembe yenyewe ife.
Chai ya vijiko vinne uliyoinywa Rajabu
naisoma Shaabani,
naisoma Ramadhani umefunga.

"Kumbe damu mbea."
"Si mbea, bibi. Karani."

Mashine inazungusha vichupa, inavuma kama mzinga wa nyuki.
Ikitulia, damu imejigawa: wekundu chini, maji juu.
Miaka kumi na mmoja nayainua maji haya kwenye mwanga wa dirisha.
Ya mtoto mmoja wa Pongwe, aliyelelewa kwa mapapai na maboga,
yalikuwa na manjano ya kiini cha yai la kienyeji.
Ya bwana mmoja wa Raskazone aliyemaliza kuku wa mafuta usiku
yalinijia meupe, mazito, kama tui la kwanza,
nikadhani kichupa kimechafuka.
Na yangu mimi, niliyejipima kwa siri zamu ya usiku
baada ya chipsi mayai na soda mbili,
sitayasema hapa.

Ya Bi Mwajabu yametakata.
Siku mbili za mchicha zimefagia uwanja.
Uwanja tu.
Alasiri kichupa cha zambarau kikasema:
tisa nukta moja.

Hakulia. Aliliangalia karatasi kama bei ya mchele,
akaniuliza jambo moja:
"Na kuonja? Kuonja nako kunahesabiwa?
Kila karai nashusha kimoja, nijue sukari imekaa."
Makarai mangapi?
Akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaanza upya.
Kunahesabiwa, bibi.

Akarudi baada ya miezi mitatu na siku nne,
kanga imelegea kiunoni, kaikunja mara ya pili.
Uji wa ulezi, akanisomea bila kuulizwa.
Mbaazi. Kisamvu. Kibua cha kuchoma, si cha kuzamisha.
Ugali wa dona ambao mume wangu anauita adhabu.
Chai ya mchaichai, chungu, chungu, chungu.

Nane nukta nne.

"Nukta saba!" Akapiga meza, kalamu ikaruka.
"Miezi mitatu sijui utamu, nalipwa nukta saba?"

Nikamwambia zile chembe za zamani zimekufa na siri zao.
Hizi za sasa zimezaliwa ndani ya nyumba ya mbaazi,
hazijui kijiko cha nne ni kitu gani,
na wadogo zao watazaliwa hawajui cha tatu.
Akanyamaza. Akajifunga mtandio vizuri.
Naona nukta saba ilianza kumkaa.

Nami, kwa kujaza fomu tu, kalamu mkononi, nikauliza:
"Na vitumbua, nani anaonja siku hizi?"

"Mjukuu wangu, Mbaruku," akasema kwa fahari.
"Ana miaka saba.
Ana ulimi huyo! Hakosei."